Sahani moja ya mbele kwenye baiskeli ya milima: Nani abadili, nani asibadili, na namna ya kufanya

Na MWANDISHI WETU

BAISKELI nyingi za milima zinazopita katika barabara za Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, huwa na sahani tatu za meno mbele, yaani yale magurudumu madogo ya chuma yaliyo kando ya pedali na ambayo mnyororo huyazunguka. Ukizitazama kwa makini baiskeli zilizoegeshwa sokoni Ukunda au ufuoni Gazi, aghalabu utaona jambo moja: sahani ya kati imeng'aa kwa kusuguliwa na mnyororo, ilhali ile kubwa na ile ndogo zimeshika kutu.

Kutu hiyo ni ushahidi. Inaonyesha kwamba mwenye baiskeli amelipia sahani tatu lakini anatumia moja. Ndipo linapozuka swali ambalo mafundi huulizwa mara kwa mara: je, mtu aweza kuziondoa hizo mbili na kubaki na moja tu?

Jibu ni kwamba yawezekana, na kazi yenyewe si ngumu. Hata hivyo, si kila mtu anayestahili kufanya hivyo. Anayeishi Diani na kwenda kazini kwenye barabara tambarare atapata nafuu kubwa. Anayebeba madafu au magunia kutoka bondeni hadi mjini Kwale huenda akajuta siku ya kwanza. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatokana na nini, na jinsi ya kufanya mabadiliko bila kuharibu baiskeli.

SI JAMBO JIPYA

Sahani moja ya mbele si uvumbuzi wa jana. Baiskeli nzito ya chuma ambayo Wakenya huiita Black Mamba imekuwa na sahani moja tangu mwanzo wake. Kwa kawaida sahani hiyo huwa na meno 44 au zaidi, na nyuma huwa na gia moja tu. Baiskeli hiyo imebeba nazi, maji, samaki na abiria kwa miongo mingi bila kihamisha mnyororo wala waya wa gia.

Baiskeli za milima zilizaliwa California, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Wabunifu wake walitaka chombo cha kupanda miinuko mikali na kuteremka kwa kasi, hivyo wakaweka sahani tatu mbele: ndogo ya kupandia, ya kati ya matumizi ya kila siku na kubwa ya mwendo wa kasi. Mpangilio huo ulitawala kwa takriban miaka 30.

Mnamo 2012, kampuni ya SRAM ya Marekani ilitoa mfumo wa XX1 uliokuwa na sahani moja mbele na gia 11 nyuma, ndogo kabisa ikiwa na meno 10 na kubwa kabisa 42. Mwaka wa 2016 kampuni hiyo ilifikisha gia 12 nyuma, za meno 10 hadi 50. Mwaka wa 2018 Shimano ya Japani ilitoa mfumo wake wa gia 12, za meno 10 hadi 51. Leo baiskeli nyingi mpya za milima za bei ya juu huuzwa zikiwa na sahani moja.

Hapo ndipo penye siri ambayo wengi huisahau. Wahandisi hao hawakuondoa tu sahani za mbele. Walifidia hasara hiyo kwa kupanua gia za nyuma. Baiskeli ya kawaida inayouzwa Ukunda au Msambweni, mpya au ya mtumba, mara nyingi huwa na gia 7 nyuma, za meno 14 hadi 28. Ukiondoa sahani mbili za mbele bila kugusa nyuma, umepunguza bila kufidia.

GIA 21 AMBAZO SI 21

Muuzaji hutangaza kwamba baiskeli ina gia 21, kwa kuwa sahani 3 zikizidishwa kwa gia 7 hutoa 21. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inapotosha.

Chukua mfano wa sahani zenye meno 24, 34 na 42, na gia za nyuma zenye meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Ili kujua uzito wa gia, gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Sahani ya 42 kwenye gia ya 28 hutoa 1.5. Sahani ya 24 kwenye gia ya 16 pia hutoa 1.5. Ni gia ile ile iliyohesabiwa mara mbili. Kadhalika, 34 kwa 20 hutoa 1.70, na 24 kwa 14 hutoa 1.71, hakuna mguu unaoweza kuhisi tofauti hiyo. Vivyo hivyo 42 kwa 20 hutoa 2.10, na 34 kwa 16 hutoa karibu 2.13.

Isitoshe, mafundi hushauri usiweke mnyororo kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma kwa wakati mmoja, wala kwenye ndogo na ndogo, kwa sababu hukaa mshazari na kulika upesi. Ukiondoa gia zinazojirudia na zile zisizofaa, hasara ya kubaki na sahani moja si gia 14 kama inavyodhaniwa. Hasara halisi iko katika ncha mbili tu: gia nyepesi kabisa ya kupandia na gia nzito kabisa ya kukimbilia.

FAIDA ZAKE PWANI

Faida ya kwanza ni kupungua kwa vitu vinavyoharibika. Kihamisha mnyororo cha mbele, waya wake na kibadilisha gia cha mkono wa kushoto vyote huondoka. Katika hewa ya chumvi ya Diani, Tiwi na Msambweni, waya wa gia hushika kutu ndani ya ala yake na kukwama. Waya usiokuwepo haukwami.

Faida ya pili ni usalama. Mnyororo mara nyingi huanguka wakati mwendeshaji anapobadilisha sahani ya mbele akiwa amekaza mguu. Kuangukiwa na mnyororo huku lori likikufuata katika barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga si jambo la mzaha. Asiyebadilisha sahani ya mbele hujiepusha na hatari hiyo, mradi sahani aliyobaki nayo ni ya aina ifaayo, kama tutakavyoeleza.

Faida ya tatu ni wepesi wa kusafisha. Mchanga wa ufuoni na ule mwekundu wa bara hujificha baina ya sahani na kuutafuna mnyororo. Sahani moja hufutwa kwa kitambaa kwa dakika chache.

Kuhusu uzani, usidanganyike. Vifaa vinavyoondolewa kwa kawaida havizidi sana nusu kilo. Dafu moja tu huweza kuwa zito kuliko hayo yote. Asiwepo mtu wa kubadili kwa sababu ya uzani peke yake.

KIKWAZO NI MLIMA

Ukanda wa pwani kuanzia Tiwi hadi Msambweni ni tambarare kwa kiasi kikubwa. Lakini barabara inayoiacha njia kuu pale Kombani hupanda kuelekea mji wa Kwale, kwenye Milima ya Shimba inayofikia kimo cha takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari. Njia za kuelekea Mkongani na Kichaka Simba nazo zina vilima vyake.

Tuseme gurudumu la inchi 26 husonga karibu mita 2.05 kila linapozunguka mara moja. Mwendeshaji aliyechoka mlimani hunyonga pedali takriban mara 60 kwa dakika. Akiwa na sahani ya 24 na gia ya 28, hupanda kwa kilomita 6 hivi kwa saa. Akibaki na sahani ya 34 na gia ile ile ya 28, itambidi aende karibu kilomita 9 kwa saa ili aendelee kunyonga kwa wepesi uo huo. Asipoziweza hizo 9, miguu itazunguka polepole, magoti yatabeba mzigo wote, na hatimaye atashuka na kusukuma.

Sasa badilisha nyuma uweke seti ya gia 7 ambayo kubwa yake ina meno 34, na mbele uweke sahani ya 32. Mwendo wa kupandia hushuka hadi karibu kilomita 7 kwa saa. Umerudi jirani na pale ulipokuwa na sahani tatu. Hiyo ndiyo maana ya kufidia.

Upande wa kasi, sahani ya 42 na gia ya 14, kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, hufikisha kilomita 29 na ushei kwa saa. Sahani ya 32 hufikisha takriban 22. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi wa hoteli hasara hiyo ni ndogo. Kwa anayefanya mazoezi ya mashindano ya barabarani ni kubwa.

Tusisahau upepo. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, anayetoka Ukunda kuelekea Msambweni huikabili usoni. Barabara ni tambarare, lakini upepo hugeuka kuwa mlima usioonekana, na gia nyepesi huhitajika hata hapo.

JARIBU KWANZA KWA WIKI MBILI

Kabla ya kununua chochote au kulegeza bolti moja, fanya jaribio lisilogharimu hata shilingi. Weka mnyororo kwenye sahani ya kati na usikiguse kibadilisha gia cha kushoto kwa wiki mbili. Pita njia zako zote za kawaida, ukiwa na mizigo yako ya kawaida, hata siku ya upepo.

Ikiwa hukuihitaji sahani ndogo hata mara moja, badili bila wasiwasi. Ikiwa uliihitaji mara moja moja, badili, lakini ongeza gia kubwa nyuma. Ikiwa uliihitaji kila siku, usiiondoe. Kwa wachukuzi wa mizigo, suluhisho bora ni kuondoa sahani kubwa pekee na kubaki na mbili, ya kati na ndogo. Hapo nguvu ya kupandia haipotei.

UTAKACHOHITAJI

Kwanza chunguza sahani zako. Kwenye baiskeli nyingine zimefungwa kwa bolti nne au tano, na hizo huweza kutenganishwa. Nyingine zimepigwa ribiti pamoja na kono la pedali, na hazitenganishiki bila kuharibu. Mwenye hizo hununua kono zima la kulia lenye sahani moja, au huziacha sahani zote mahali pake na kutumia ya kati tu.

Vifaa vya kazi ni spana, bisibisi, alenki, grisi, kifaa cha kutolea pini ya mnyororo, na pula ya kung'olea kono la pedali. Fundi asiye na pula hupiga kono kwa nyundo. Usikubali: nyundo huharibu beringi na kupindisha ekseli. Ikiwa utabadilisha gia za nyuma, kitahitajika pia kifaa maalumu cha kufungulia friwili.

Kuhusu sahani yenyewe, fahamu kwamba sahani ya kati ya kawaida imechongwa ili mnyororo uhame kwa urahisi. Sifa hiyo ilikuwa njema ulipotaka kuhama. Sasa ni kasoro. Sahani zilizotengenezwa kutumika peke yake huwa na meno mapana na membamba kwa kupokezana, na kila jino hujaza nafasi yake kwenye mnyororo. Hushika vyema zaidi minyororo myembamba ya gia 9 hadi 12. Kwenye mnyororo mpana wa gia 7 hukaa kwa ulegevu kidogo, ingawa bado hushinda sahani ya kawaida.

Asiyeweza kuipata ana njia nyingine: aache kihamisha cha mbele mahali pake, akaze skrubu zake za mipaka kisisogee, nacho kitauzuia mnyororo kuanguka upande wowote. Sura yake haipendezi, lakini kinafanya kazi.

Pima pia duara la bolti. Kono nyingi za bolti nne huwa na duara la milimita 104, na kwa kawaida sahani ndogo inayoingia hapo ni ya meno 32; ya 30 hupatikana, lakini ni ya muundo maalumu.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kukata mnyororo kwa kusukuma pini moja, kisha kuutoa.

Hatua ya pili ni kufungua bolti ya katikati ya kono la kulia. Skurubia pula ndani ya kono hadi mwisho wa nyuzi zake, ndipo uzungushe mkono wake hadi kono litoke. Pula isipoingia vizuri hung'oa nyuzi, na kono halitatoka tena kwa urahisi.

Hatua ya tatu ni kufungua bolti za sahani na kuziondoa zote tatu. Safisha, kisha funga sahani mpya mahali ilipokuwa ya kati. Usiiweke mahali pa ile kubwa. Mnyororo unapaswa kunyooka sawasawa na gia ya nne kati ya saba za nyuma, ili usiende mshazari mno upande wowote.

Hatua ya nne ni kuondoa kihamisha cha mbele, waya wake na kibadilisha gia cha kushoto. Tahadhari: kwenye baadhi ya baiskeli kibadilisha gia kimeunganishwa na mkono wa breki. Ukikiondoa, umeondoa na breki. Hapo kiache kilivyo, utoe waya wa gia pekee.

Hatua ya tano ni kurudisha kono na kulikaza barabara. Likaze tena baada ya siku chache za kwanza, kwani kono lililolegea huliwa tundu lake la mraba na halitengenezeki.

Hatua ya sita ni kupima mnyororo. Uzungushe kwenye sahani ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha cha nyuma. Mahali unapokutana, ongeza vipande viwili, sawa na inchi moja, kisha kata. Ikiwa ulikuwa na sahani ya 42 mbele, aghalabu utapunguza inchi moja au mbili.

Mwisho, rekebisha kihamisha cha nyuma. Ikiwa umeweka gia ya meno 34, hakikisha kihamisha chako kinaifikia. Vingine vimeundwa kuishia meno 28.

MAKOSA YA MARA KWA MARA

Kosa la kwanza ni kutumia bolti zile zile za zamani. Zilikusudiwa kushika sahani mbili, hivyo kwa sahani moja huwa ndefu na hazikazi. Nunua fupi, au weka washa za kujaza nafasi.

Kosa la pili ni kuuacha mnyororo ukiwa mrefu. Mnyororo uliolegea huruka kwenye mashimo na kuanguka.

Kosa la tatu ni kuweka sahani mpya pamoja na mnyororo uliochakaa. Mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili kwa vipande 24, kutoka pini hadi pini. Ukifika inchi 12 na sehemu moja ya nane, umekwisha na utaila sahani mpya upesi.

UTUNZAJI

Kumbuka kwamba kazi iliyogawanywa kwa sahani tatu sasa inabebwa na moja. Italika mapema zaidi. Mahali penye mchanga, sahani ya chuma cha pua au chuma cha kawaida hudumu kuliko ya aluminiamu, ijapokuwa ni nzito zaidi.

Baada ya kupita ufuoni, suuza mnyororo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe kwa kitambaa, tia mafuta mepesi kidogo kwenye kila kipande, kisha upanguse yaliyobaki nje. Mafuta mazito ya injini, hasa yaliyokwisha kutumika, huokota mchanga na kugeuka tupa.

Sahani utakazotoa usizitupe. Zipake mafuta, zifunge kwenye karatasi na uzihifadhi. Anayeishi Diani leo aweza kuhamia Kwale kesho, na siku hiyo mlima wa kutoka Kombani utamdai sahani yake ndogo.